Mifupa ya Upande wa Baba

Juzi kwenye kliniki ya mifupa hapa Morogoro mjini, aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa mama mmoja wa Matombo, mkono umefungwa plasta ngumu ya POP. Aliteleza tu na ndoo ya maji, mfupa ukakatika.

"Siku zako zilikoma lini, mama?" nesi aliuliza, mlango wa chumba chake ukiwa wazi.

"Zamani."

"Mama yako mzazi aliwahi kuvunjika nyonga? Na bibi mzaa mama?"

Yule mama akautoa mezani mkono usiovunjika, akauficha ndani ya khanga kama anayeogopa kutiwa dole gumba. "Nani kakutuma? Wa mwisho kuja na kalamu kuniuliza habari za mama yangu, tulimalizana naye baraza la ardhi."

Sisi Waluguru shamba hulipata kwa mama, kwa hiyo nilimwelewa kabisa.

"Sitaki shamba lako," nesi akasema. "Udhaifu wa mifupa nao hurithiwa, na hedhi ikikoma ndipo unapojitokeza."

"Kwa mama wote wazima. Andika hivyo."

"Na upande wa baba?"

Hapo akatabasamu. "Huko andika chochote! Bibi alivunjika nyonga akiinuka kitandani. Mashangazi wote migongo imepinda. Huko mimi sirithi kitu."

Nesi akaandika, akageuza karatasi, akaandika tena.

Nilipoitwa, nilijibu ya mama harakaharaka. Kisha nikamkumbuka bibi mzaa baba, aliyezeeka mgongo umepinda, akitazama vidole vyake vya miguu; nikaona huko nami nina urithi, nikamwomba nesi afunge mlango.