Ng'ombe Niliyemficha kwa Mjomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Arua watu huniona asubuhi sokoni nikinunua unga, halafu hawanioni tena mpaka unga uishe. Ng'ombe wangu aliijua dunia kuliko mimi. Yeye alikaa Lobule, jirani kabisa na Congo, na sina shaka alishavuka mpaka mara nyingi bila kitambulisho.

Nilimficha huko kwa sababu huku kwetu mjane akionekana na ng'ombe, kesho yake mashemeji wanafika kumsalimu. Ng'ombe, si mjane. Basi ukipata mnyama unampeleka kwa mtu unayemwamini. Anamchanganya na wake, anakunywa maziwa, na hasemi. Wengi hufanya hivyo. Yule unayemhurumia kwa kandambili zake zilizokatika huenda ana zizi zima kwa rafiki yake. Mimi nilikuwa na huyo mmoja, kahawia mwenye tumbo jeupe, niliyempata kwa kukaanga mandazi mpaka nikanuka mafuta kanisani. Baadaye akazaa ndama. Hao wawili ndio walikuwa uzee wangu. Sikuwa na kingine cha kuzeekea. Mjomba, kaka wa marehemu mama, aliinua mkono akaapa kwamba hata mke wake hatajua.

Na kweli hakujua.

Lakini mjomba ana ugonjwa mmoja: hawezi kumnyima mtu nafasi. Kijana mmoja wa magendo akamwomba aweke madumu ya petroli na katoni za sigara kwenye ghala lake, siku chache tu. Polisi wakaja. Wakachukua petroli, wakachukua sigara, wakamchukua mjomba, na ng'ombe wote pia, wakisema mihogo ya Lobule haiwezi kununua mifugo kama ile. Hiyo ni pesa ya magendo inayotembea kwa miguu minne.

Binti yake aliponipigia simu nilikaa kitandani muda mrefu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Halafu nikapanda gari la Koboko, kwenye kituo cha polisi walikomfungia.

Afisa alinisikiliza vizuri tu. Nilijieleza kwa Kiswahili changu cha sekondari, nikijiona wakili. Akamtoa mjomba mahabusu.

"Mzee, huyu mama nasema ngombe moja na ndama iko yake. Ni kweli?"

Mjomba akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akikaribia kumwaga uji.

"Ngombe yote iko yangu," akasema.

"Yote?"

"Yote. Huyu iko mtoto ya dada yangu. Bwana yake nakufa, sasa iko na mawazo mingi."

"Mjomba," nikasema, "sasa sema. Mimi mwenyewe nakuruhusu. Sema!"

Akanijibu kwa lugha yetu, polepole, akinipa moyo: "Usiogope, mwanangu. Hawa hawatatoa neno kinywani mwangu."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga kwa mkoba. Afisa akashusha pumzi.

"Mama, wewe rudi nyumbani."

Hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyosikia siku ile, na sikuweza kulitii. Alisema nikitaka ng'ombe wangu nilete mtu wa boma la marehemu mume wangu, asiye ndugu wa mzee, aje amtambue. Bila hivyo atakwenda mnadani pamoja na wengine.

Basi nikaenda Logiri, kwa mashemeji wale wale niliokuwa nikiwaficha ng'ombe huyo. Shemeji mkubwa alikuwa anaziba pancha ya baiskeli.

"Shemeji, nina ng'ombe."

Akaacha gundi ikauke. "Wewe? Wewe mwenye nakuja hapa msimu jana kuomba mbegu ya maharage?"

"Mimi huyo huyo."

"Na mimi nakupa!" Akacheka mpaka akakohoa. Akafuta macho, kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Iko na ndama?"

Hapo nikajua nauli ya shahidi.

Njia nzima hadi Koboko alikuwa anakariri kama anayejiandaa kwa kipaimara. "Kahawia. Tumbo nyeupe. Pembe?"

"Ya kushoto imeinama."

"Ya kushoto imeinama. Mkia?"

"Shemeji, ana mkia. Mmoja."

Tulipofika uani kwa polisi akapita katikati ya ng'ombe kama mwenye zizi, akampiga wangu kofi la mgongo. "Huyu! Huyu mimi naona tangu ndogo, nafungua macho yake!" Ng'ombe akamtazama. Kisha akanitazama mimi, kwa macho yale yale anayotazama mgeni yeyote. Afisa alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali. Akasema wachukueni.

Ndama yuko Logiri. Mama yake nimemfunga nyuma ya jiko langu, ameshakula migomba yote na kamba moja ya nguo. Kila Jumapili baada ya ibada mashemeji hupita kumsalimu, wanambonyeza mbavu, wananiambia nimlishe vizuri. Wamekubaliana kwamba ni wa boma, mimi namtunza tu. Kwa hiyo sasa mtunzaji ni mimi. Nakunywa maziwa na sisemi.

Mjomba wamemwachia kwa dhamana. Kesi inaendelea, na ng'ombe wake bado wako kwa serikali. Juzi alikuja kunitembelea, amekonda. Alipomwona yule kahawia nyuma ya jiko alikaa kwenye benchi, kofia mkononi.

"Mtoto ya dada," akasema, "mimi sijui nani natoa ile siri. Lakini mimi sikusema."

Nikammiminia chai, nikaongeza maziwa mengi.

"Najua, mjomba. Kunywa."