Mwanya wa Furaha

Nakumbuka siku ile, mwanangu, tulipokuwa tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona hapa mtaani kwetu Lidcombe, huku ughaibuni. Mama yake Neema alikuwa kazini hospitalini, huko Westmead, nami nimebaki mezani na mjukuu wangu huyo wa miaka kumi na minne, yeye na kompyuta yake, mimi na chai yangu. Wasichana wa kanisani kwetu walikuwa wamechoka kukaa majumbani, basi Neema akaamua kuwatengenezea jarida la kusomea kwenye simu. Nilifurahi mno. Mjukuu kaingia kazi yangu bila kuambiwa!

Maana ujanani, kule Dar es Salaam, nilikuwa napanga kurasa za jarida la wasichana. Enzi hizo tulikata picha kwa wembe na kuzibandika kwa gundi. Nilijua, na najua mpaka leo, kwamba msichana wa umri huo hasomi kwanza, anatazama. Mpe uso mkubwa unaomwangalia machoni, mpe herufi nene zinazomwita "wewe" kama shoga yake, mwachie nafasi nyeupe pembeni, naye atakaa kwenye ukurasa huo hadi aitwe mara tatu kuosha vyombo. Anajitafuta humo. Hilo nililijua kichwani tu wakati ule, moyoni bado.

Basi Neema akanionyesha jalada. Ni picha ya rafiki yake Furaha, binti wa Kikongo anayekaa Liverpool, mtaa mwingine wa mji huu huu, anacheka, na nyuma yake rangi ya papai lililoiva. Nikasifu rangi, nikasifu na herufi. Kisha nikaiweka miwani sawa. Furaha ninayemjua ana mwanya mzuri, wa kupitisha punje ya mchele. Huyu wa kwenye kompyuta meno yake yalikuwa yamebanana kama matofali.

"Mwanya wake umekwenda wapi?" nikauliza.

"Nime-edit, Bibi. It looks cleaner. Everyone does it."

"Mwenyewe anajua?"

"No, nataka iwe surprise."

Nikaweka kikombe chini, kwa kuwa mimi nilishawahi kufanya jambo hilohilo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilimweka mdogo wangu Rehema, wa miaka kumi na mitatu, kwenye jalada letu. Alikuwa na mwanya wa mama, na kwetu Tanga watu walimsifia huo huo. Lakini mimi nilikuwa nimetazama majarida ya nje mpaka macho yakazoea meno yasiyo na nafasi. Nikachukua brashi nyembamba na rangi nyeupe, nikauziba. Tena nilivimba kichwa, nikapanda basi hadi nyumbani kuwapelekea nakala. Rehema aliitazama, akampa Mama. Naye akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu binti wa nani?"

"Si Rehema huyo, Mama!"

"Rehema yuko hapa. Kama huyu ndiye mzuri, huyu wangu umemwambia yeye ni nini?"

Aibu ile ninayo bado. Tangu siku hiyo Rehema akicheka huziba mdomo kwa mkono. Sasa ana wajukuu, na tukiongea kwa video naona kiganja kabla sijakiona kicheko. Nimemwomba radhi mara nyingi, naye husema yamekwisha, huku mkono uko palepale.

Hayo yote nilimsimulia Neema. Aliirudisha picha ya kwanza, akaikuza, akaisogeza katikati, mpaka mwanya ukawa kitu cha kwanza jicho linachokutana nacho. Fundi kweli yule mtoto! Jumapili jarida likatumwa, na haikupita saa Furaha akapiga simu.

"Neema, ni mimi kabisa! Maman analia, anasema nafanana na mama yake!"

Nami nikamtumia Rehema jalada lile. Akanipigia kwa video.

"Nani kawaambia wauache mwanya?" akauliza.

"Mimi, mdogo wangu."

Akaangua kicheko. Nikausubiri mkono. Haukuja.

Basi, mwanangu, wewe unayepanga kurasa, na wewe unayepamba picha za wenzako kwenye simu, chagua rangi, kuza herufi, tia madoido unavyotaka. Ni kazi tamu, nami naipenda hata sasa. Ila uso wa mtu ni wake, usimrekebishie bila kumuuliza, kwa sababu yuko msichana atakayejitafuta humo, na asipojiona atadhani kosa ni lake. Kabla hujatuma, jiulize kama mama yake akiushika ukurasa huo dirishani atamtambua mtoto wake. Mungu akupe jicho pole na mkono mwepesi, na akujalie kucheka mdomo wazi mpaka meno yenyewe yakuage.