Miti Hiyo Ni ya Nani

Juzi, tukingoja lori kwenye kituo cha majani chai huko Kimulot, msichana mmoja alitusomea blogu yake kwenye simu. Anaomba wasomaji wachangie miche ya miti ya kienyeji ili chemchemi yetu ifufuke. Imekaushwa, alisoma, na mikaratusi iliyopandwa kando yake.

Baba yake alikuwa nyuma yetu, gunia begani. "Hujaandika hiyo miti ni ya nani."

Msichana alishusha simu.

"Niliacha kwa kukuheshimu, Baba."

"Andika ni yangu. Andika pia ndiyo ilikusomesha."

Nimesoma blogu nyingi za mazingira, na humo mharibifu huwa anaishi mbali, si nyumbani kwa mwandishi.

"Niandike pia kwamba utaikata?"

Mzee alishusha gunia polepole. "Andika. Mama yako ameenda kuteka maji mtoni tangu asubuhi, na hajarudi."