Nyungunyungu wa Shamba la Kyondo

Wiki jana, sokoni Bwera, mwuzaji alifungua gunia la mbolea nyeupe, na ile harufu inayowasha macho ikanirudisha shambani kwetu Kyondo, mchana mmoja wa jua kali baada ya mvua.

Mama alikuwa amezoea samadi ya mbuzi, kwa hiyo mbolea ya dukani nayo aliimwaga vivyo hivyo, kila shina la mahindi konzi nzima. Haukupita muda, nyungunyungu wakaanza kutoka ardhini. Walijipinda na kujirusha juu ya udongo. Nikapiga makofi, nikidhani wameonja sukari na sasa wanacheza.

"Jua inabaua, mutoto wangu," mama alisema kwa huruma, akihofia jua litawaua. "Barudishe mu udongo."

Niliwafukia mmoja mmoja. Wakatoka tena. Mama akapiga magoti, tukafukia pamoja. Wakatoka tena, polepole zaidi.

Leo najua kuwa mbolea ile, ilivyozidi, ilikuwa ikiwaunguza humo humo tulimowarudisha. Siku ile tulifukia tu, mpaka hakutoka hata mmoja.

Mama akapangusa mikono. "Unaona?" akasema. "Sasa banalala."