Rufaa Isubiri Kahawa

Jumanne nilikwenda hospitali moja hapa Mbinga kufuata dawa zangu za presha, na masikio sikuyaacha nyumbani. Mbele yangu dirishani alisimama mwanamume mmoja, kiganja kikiwa ubavuni kulia, pamoja na mkewe na kaka yake mkubwa aliyekuwa akimjibia kila swali.

"Kansa yako ya ini imefika hatua ya kati," nesi alimwambia mgonjwa. "Kupasua haiwezekani tena, lakini Dar wanaweza kuziba mishipa inayoulisha ule uvimbe. Nenda wiki hii, ini likiwa bado lina nguvu."

Kaka akairudisha barua ya rufaa kwa kidole kimoja. "Sista, tumalize kuchuma kahawa kwanza. Kwani kansa ina kupona? Ya nini kumhangaisha?"

Jamani! Mtu amesimama, anasikia, na keshazikwa!

Mgonjwa akamgeukia taratibu. "Kaka, mwaka jana nguruwe wako alipokataa pumba, bwana mifugo ulimwita siku ileile. Nguruwe hakusubiri kahawa."

Mimi kaka huyo namfahamu, na nguruwe namfahamu. Alipona, akazaa tisa. Nikalisema hilo kwa sauti, wala nesi hakuninyamazisha.

Mke akaichukua barua, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamshika mumewe mkono wakaelekea stendi.

"Sasa kahawa atachuma nani?" kaka akalalamika.

Nikamnyooshea kidole mikono yake miwili, mizima kabisa.