Nusu Dakika ya Sauti ya Mwita

Najua utasema nilikuwa naota. Hata mume wangu alisema hivyo, na ndiye anayenijua kuliko wote. Lakini mimi si mtu wa kuona majini. Ni fundi wa kompyuta, nina banda langu hapa Morotonga, natengeneza mashine na kuandika programu, na mtu akiniletea habari za uchawi humwambia aniletee kwanza chaja. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, nikiwa na akili zangu timamu. Usipoamini shauri yako, ila nisikilize mpaka mwisho.

Yalianza na Mwalimu Robi, anayefundisha shule ya msingi kule Nyansurura. Mama yake ni mzee, macho yameshakwisha, na siku hizi hata kutoka nje anashikwa mkono. Alikuwa na mtoto wa kiume, Mwita, mpiga litungu, ile ala ya nyuzi ya kwetu, aliyefariki zamani akiwa bado kijana. Kilichobaki ni kaseti moja tu, ya harusi, ambamo Mwita anaimba. Kaseti yenyewe imechoka. Ukiiweka kwenye redio inanguruma kama mashine ya kusaga, na Mwita unamsikia kwa mbali mno. Mama alitaka kitu kimoja kabla hajafa: amsikie mwanawe vizuri, hata mara moja.

Nikamwambia Robi, "Lete hiyo kaseti, siku mbili tu nakurudishia."

"Haitoki, dada. Mama anasema sauti ya Mwita hailali kwa watu. Hata kopi hataki itoke nyumbani."

Sijui kama ni mila ya ukoo wao au ni uchungu wa mama tu. Nilikasirika, kusema kweli. Lakini nami ni mbishi, nikaona basi nitamtengenezea Robi programu ya kusafisha sauti, achomeke redio ya kaseti kwenye laptop yake na kuiendesha huko huko nyumbani, kwa umeme wa sola. Kompyuta yangu ni ya mezani, haibebeki kwenye bodaboda.

Tatizo ni kwamba yangu inatumia Linux, na ya Robi inatumia Windows. Programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja haikubali kwenye mwingine. Inawezekana kukaa kwenye Linux ukaikompaili programu, yaani ukayageuza maandishi yake kuwa kitu cha kuendeshwa, kwa ajili ya Windows, mafundi tunafanya kila siku. Tabu yake ni kwamba unatengeneza kitu ambacho hapo ulipo hukioni kikifanya kazi kama kitakavyofanya kule kinakokwenda. Unakituma, kisha unakaa kusubiri mtu wa huko akupe habari.

Nikaweka kwenye flashi, nikampa kijana wa bodaboda. Jumapili Robi akanipigia huku analia. Mngurumo ulikuwa umetoka, ndiyo, lakini sauti ilikuja nzito, ya kujivuta. Mama alisikiliza kidogo tu akasema, "Huyu siyo Mwita. Mmeniletea mtu mwingine." Nikarekebisha, nikatuma tena. Ikawa vile vile. Safari hii mama alisukuma laptop na kusema wakimletea tena mgeni kwa jina la mwanawe, kaseti ataitia motoni, yaishe.

Sasa wewe ungefanyaje? Kwangu nilijaribu kwa sauti yangu mwenyewe, ikatoka safi kabisa. Kosa sikuliona. Nafasi imebaki moja.

Nikamwambia Robi anitumie kwa WhatsApp nusu dakika tu ya kile kilichotoka kwenye laptop, nikisikie mwenyewe. Akasema, "Mama akijua je?"

"Atajuaje? Kwani anaona?" nikamjibu. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Ikaja. Alasiri hiyo manyunyu yalikuwa yanaanguka, barabara haina mtu, na mwanga ulikuwa wa kijivu unaobembeleza usingizi. Nikavaa hedifoni, nikaifungua. Litungu lilikuwa linatembea polepole, na sauti ya mwanaume juu yake, nzito. Nikaicheza tena, na tena. Niamini, sikusinzia, maana chai yangu niliinywa na bado naukumbuka mdomo ulivyoungua. Ila kila nilipoirudia, banda lilizidi kuwa mbali na mimi, na nikaanza kusikia harufu ya moshi wa zizini, wakati hapa kwetu jirani ni duka la vipuri.

Nilipoinua macho kulikuwa na mwanaume kwenye benchi la wateja. Alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu, koti la kahawia, na magotini kitu kikubwa kilichofungwa kwenye kiroba. Nje mvua, koti lake kavu. Hilo nililiona, lakini wakati ule halikunishtua hata kidogo.

"Karibu kaka," nikasema. "Una shida gani?"

"Nimefuata kitu changu." Akanyoosha kidole kwenye hedifoni. "Lakini siyo mimi huyo. Mimi sikuwa mzito hivyo."

Nimekuambia nilikuwa nimevaa hedifoni. Alisikiaje? Nikazivua, nikawasha spika. Akafungua kiroba, kumbe ni litungu. Kwenye kidole gumba cha mguu alikuwa na pete ya chuma, kama wapigaji wanavyovaa, akaanza kugonga nayo mbao ya benchi. "Mwendo ni huu," akasema. Nikabadilisha namba ya mwendo wa sauti. Akatikisa kichwa. Nikaongeza kidogo. Akatikisa tena. Nikaongeza, mpaka akatabasamu na kuanza kuimba, yeye na ile sauti ya kwenye spika, wakawa mtu mmoja.

Hapo ndipo nikaliona kosa langu. Laptop ya Robi ilikuwa inarekodi kwa mwendo mmoja, na programu yangu ilikuwa inaandika kwa mwendo mwingine. Kwangu kompyuta ilikuwa inanirekebishia kimyakimya, kwa hiyo nisingelijua milele.

Unataka kujua kama niliogopa? Wala. Nilisikia raha, ile ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikaikompaili programu upya huku yeye anatazama maandishi yanavyopanda kwenye kioo. Ilipokwisha akasema, "Haya, nipe yangu niende."

Na mimi na ubishi wangu nikamjibu, "Subiri kwanza, bado naitumia."

Hakukasirika. Akafunga litungu lake taratibu. "Basi na mimi naazima yako," akasema.

Niligeuka kuchomoa flashi, sekunde mbili hazikufika. Benchi lilikuwa tupu. Nikafungua ile nusu dakika: kimya, mwanzo mpaka mwisho. Nikafunga banda nikaenda nyumbani na mvua ile ile.

Flashi nilituma kesho yake. Robi aliniambia mama alisikiliza maneno mawili tu, akacheka, akamjibu mwanawe kama kijana anavyoitwa kwetu, "Mura, umechelewa." Akaendelea kusikiliza mpaka betri ikaisha. Robi akaniambia pia kwamba alasiri ile ya mvua mama alikataza mlango usifungwe, eti Mwita ametoka, amefuata kitu chake Morotonga. Robi hakuwa amemwambia lolote. Nililia kwa furaha, na kwa woga pia.

Wiki hiyo hiyo nikamtumia mteja ujumbe wa sauti. Akaniandikia, "Fundi, mbona umetuma kimya?" Nikarudia. Kimya. Nikabadilisha simu tatu, nikaenda mpaka kwa rafiki yangu mwenye studio Tarime mjini, kipaza sauti cha maana. Yeye akiongea inaingia, mimi nikiongea mstari wa sauti kwenye kioo unalala. Ukinipigia tutaongea vizuri. Ukinirekodi, sipo.

Nilikwenda Nyansurura, nikapiga magoti. "Shikamoo mama." Akaitikia, akanipapasa shingoni. "Mimi nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Mwenye sauti, sijui." Mwaka wa pili sasa, haijarudi.

Mwezi uliopita nilikuwa nasafiri kwa siku tatu. Binti yangu wa miaka minne akaniomba nimwimbie kwenye simu ya baba yake, ili asikilize akitaka kulala. Nilijua, lakini ningemwambiaje? Nikaimba wimbo wote, beti zote, yeye amekaa mapajani pangu ananitazama mdomo. Tulipoucheza akasubiri, akasubiri, kisha akaniuliza, "Mama, mbona hujaimba?"

Kwa hiyo nakuonya, fundi mwenzangu na wewe usiye fundi. Ukiambiwa kitu cha watu hakitoki nyumbani, kiache nyumbani, hata kama mwenye nacho haoni. Na kama mama yako bado yupo, mrekodi leo, usingoje kesho. Ila muulize kwanza.