Wikio la Jawahir

Jawahir binti Yeslam aliishi miaka mingi katika nyumba ya mumewe, Mji wa Kale wa Mombasa, bila kukanyaga njia iliyo chini ya dirisha lake. Msimwonee huruma kwa hilo. Mwanamke wa nyumba kubwa siku zile hakuonekana mchana, naye alijivunia. Isitoshe, mahali pekee alipotaka kwenda alikwenda kila siku: kwa dada yake Saadia, nyumba ya mkabala, kwa kupitia wikio. Wikio ni kile chumba chembamba kilichojengwa juu ya njia, kutoka ghorofa hii hadi ile, ili wanawake wapite bila kuonwa na walio chini. Asubuhi alipita na chai ya tangawizi, jioni akapita na udi.

Saadia alikuwa mjane asiye na mtoto, na kifua kilikuwa kimemkamata. Alikuwa na ombi moja, akilirudia mpaka nduguye akachoka.

"Saa yangu ikifika, uwe wewe wa kunitamkisha shahada. Sitaki mwengine."

"N'takuwapo, dada. Kwani naishi Lamu?"

Wakati huo serikali ya Waingereza ilikuwa na makao yake makuu Mombasa, na wakubwa walitaka mji mkuu wenye njia pana zilizonyooka, za kupitisha magari ya kusukumwa juu ya reli. Misikiti, makaburi, kuta zilizoegemeana tangu enzi za mababu, yote hayo kwao yalikuwa fujo. Akaja mpimaji na kamba yake, pamoja na karani Benard, Mkamba aliyesomeshwa misheni, mtu mwenye adabu zake. Wakamkuta Abdulkadir, mumewe Jawahir, barazani na wenzake.

"Sheikh, bwana anauliza," alisema Benard, "lile wikio lina watu wanaolitumia? Likiwa na watu, ataipitisha njia kwingine."

Abdulkadir alitazama chini. Kulijibu swali lile kulikuwa kumtaja mkewe na shemejiye mbele ya mwanamume mgeni, watu wakisikia. Hilo hakulifanya baba yake wala babu yake.

"Hapana mtu apitaye," alisema. "Twaweka makanda makuukuu."

Benard akatafsiri. Mpimaji akatia alama ya chokaa ukutani. Wenzake barazani, waliojua vizuri nani apitaye pale, waliendelea kuzungumzia bei ya tende. Hiyo ndiyo heshima yetu, na inanichoma mpaka leo kuisimulia.

Jawahir alipojua, nyundo zilikuwa zimeshaanza.

"Hukumwambia kwamba mimi napita?"

"Ningekutaja vipi ndiani, mbele ya wanaume?"

"Basi n'tapita wapi, bwana?"

Alimjibu kwa upole, maana alimpenda: atampeleka mwenyewe kila usiku baada ya isha, amejifunika gubigubi. Na kweli alimpeleka. Mchana Jawahir alibaki kumtazama Saadia dirisha kwa dirisha, na mawe ya wikio yamerundikwa chini.

Saadia hakufa usiku. Alizidiwa adhuhuri, Abdulkadir akiwa msikitini na njia imejaa mafundi. Mwanakhamis, mtumishi wa Saadia, alijitokeza dirishani akapunga kitambaa. Jawahir alishuka ngazi mpaka mlangoni, akashika komeo, akasikia sauti za wanaume upande wa pili. Mkono ukakataa. Miaka yote ile ilikuwa imeuzoesha kukataa.

Akapanda tena mbio, akafungua dirisha lote, akaitamka shahada kwa sauti yake yote, neno kwa neno, kama mtu anavyotamkishwa sikioni. Mafundi wakaacha kazi wakatazama juu. Abdulkadir, akirudi kutoka msikitini, aliisikia sauti ya mkewe mtaani kwa mara ya kwanza. Jawahir akarudia, akarudia, mpaka Mwanakhamis akaja dirishani kumwambia basi, amekwisha.

"Alisikia?"

Mwanakhamis akasema hajui.

Abdulkadir hakumgombeza mkewe. Alileta seremala akalipigilia dirisha lile misumari, kisha akaketi ngazini akalia. Muda si mrefu serikali ikahamishia makao yake Nairobi, na wapimaji wakaondoka nayo. Njia ile haikupanuliwa. Hakuna gari hata moja lililopita pale, na Jawahir alizeeka akimuuliza kila mwanamke aliyemtembelea kama mtu anayekata roho husikia sauti iliyo ng'ambo ya njia.